LaVonne Avuka Mstari

LaVonne Hoekstra alikuwa na miaka sabini na moja, wajukuu tele na goti la kupasuliwa Jumatatu, na katika mechi ya mpira wa kikapu hajawahi kutia mpira kapuni hata mara moja. Si kwamba hakucheza! Alicheza sana, hapo hapo Iowa, Marekani, ila zama zile wasichana walicheza sita sita: watatu wafungaji, watatu wakabaji, na ole wake atakayevuka mstari wa kati. LaVonne alikuwa mkabaji. Akipokonya mpira, anaufikisha mstarini, wenzake wanakwenda kula sifa.

Sifa zenyewe alizila Arlys, shoga yake wa kufa na kuzikana.

"Mwenzangu, utazikwa hujafunga hata kimoja," Arlys humtania kila wakinywa kahawa.

Basi Jumamosi hiyo, sikukuu ya mahindi, kukawa na mechi ya akina bibi, watano kwa watano, kila mchezaji uwanja mzima. LaVonne akaapa: leo au basi tena. Arlys alikuwa timu pinzani.

Mjukuu wa LaVonne, Brynn, ndiye kocha wao, na mambo yake ya kisasa. "Bibi, badilishaneni! Mwachie huyo, mkabe anayekuja!"

"Nimwachie? Kwani nimemchoka?" LaVonne akajibu, kamganda Arlys kama kupe. Enzi zao ulikaba mtu wako mpaka ujue kala nini mchana. Baadaye wakaja wa kulinda eneo, kila mtu na kipande chake. Sasa watu wanapokezana, loo!

Mwishoni Arlys akadunda mpira kizembe. Kwapu! LaVonne kauchukua, mbele hakuna mtu. Akatimua mbio mpaka mstari wa kati, miguu ikagoma. Arlys aliyemkimbiza naye akasimama papo hapo. Zama zao mfungaji naye hakuruhusiwa kuvuka kurudi kukaba. Wakatazamana. Ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko.

"Vuka, Bibi! Sheria hiyo ilishafutwa!" Brynn akapiga kelele.

LaVonne akavuka. Arlys naye huyo, akampita, akasimama chini ya kikapu, magoti kayakunja, mikono juu.

"Nani kakufundisha kukaba?" LaVonne alihema huku anacheka.

"Nani kama si wewe? Mazoezini ulinikaba kila siku, ulidhani mimi kipofu? Hupiti, bibie!"

LaVonne akaurusha kwa mikono miwili, juu ya vidole vya Arlys. Mpira ukagonga ubao, ukazunguka kwenye chuma, ukatumbukia.

Wa kwanza kupiga vigelegele alikuwa Arlys. "Sikumwachia!" akawapigia watu kelele, kamkumbatia shoga yake. "Nimemkaba kwa nguvu zangu zote, jamani, mmeona wenyewe! Sikumwachia!"

LaVonne akakaa chini sakafuni, analia na kucheka, na mechi ikabidi imsubiri.