Swali la Mama Kuhusu Sindano

Nimkosee mtu aliyeniamini nimtafsirie? Nilimkosea. Mama mmoja wa kanisani kwetu hapa ughaibuni, mtaa wa Alief, mtandika vitanda hotelini, alikuwa hawezi tena kuinua mkono, na kazi ilikuwa inamponyoka. Nikampeleka kwa daktari Mchina anayetibu kwa sindano. Daktari akatazama ulimi wake, akampima mapigo kwa vidole vitatu, kisha akamchoma sindano nyembamba kwenye muundi.

"Bega ndilo linauma, mwanangu, naye anachoma mguu!" mama akaninong'oneza.

Daktari akaeleza kwamba mwilini hupita nguvu iitwayo chi, katika njia zake. Ikikwama, panauma.

"Muulize, hiyo chi ni pepo?"

Niliona aibu. Nikauliza kwa Kiingereza kama sindano inauma.

"Anasema kidogo," nikamwambia mama.

"Pepo kidogo? Yesu na Maria!" Akashusha mguu, sindano ikining'inia, akatafuta viatu.

Ikabidi niungame kwa wote wawili, kisha niulize sawasawa. Daktari hakucheka. "Si pepo. Ni uhai wake mwenyewe. Njia yake moja huanzia usoni, hupita karibu na bega, huishia mguuni."

"Sasa nimesikia," mama akasema, akajilaza. Sindano ikarudishwa, akaambiwa auinue mkono taratibu. Ukapanda mpaka usawa wa sikio. Mpaka leo sijui kilichoulegeza ni sindano au ni jibu.

Ndugu msomaji, ukiombwa kumtafsiria mgonjwa, tafadhali uliza alichouliza yeye.