Kitambaa cha Magunzi

Taasisi inapenda kuujulisha umma, pamoja na watumishi wake wote, kwamba kazi zake za utafiti hufanyika kwa mujibu wa mwongozo ulioandikwa, ukapitishwa na kutiwa sahihi. Kwamba mwongozo huo unajitosheleza. Na kwamba hakuna kazi yoyote ndani ya Taasisi inayomtegemea mtu mmoja.

Tamko hilo lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo mwezi wa sita mwaka jana, juu ya karatasi ya mtu anayeuza kiwanja Nala. Umma haukuwa umeuliza chochote. Aliyeuliza ni Mwanaidi Abubakari, fundi sanifu wa maabara, kwa barua ya ukurasa mmoja yenye swali moja: kwa nini jina lake halimo kwenye andiko la utafiti.

Mwanaidi ni Mrangi wa Haubi, kule milimani Kondoa. Ana miaka arobaini na moja na anaishi Area D, mjini Dodoma. Ni mwanamke mpole, hapazi sauti, na hasahau. Mwaka 2016 mshona nguo mmoja wa mtaani kwake alimharibia mkono wa gauni. Mpaka leo Mwanaidi humsalimia kila asubuhi kwa adabu zote, kisha kila inapokaribia Idi hupeleka kitambaa kwa fundi mwingine, akihakikisha anapita mlangoni kwa yule wa kwanza nacho kikiwa wazi mkononi.

Pale Taasisi, ambayo ipo Kizota katikati ya karakana za kuchomelea mageti, alikuwa amefanya kazi miaka kumi na miwili kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Alichotaka ni kwenda kusoma shahada. Taasisi humlipia masomo mtumishi ambaye jina lake limetokea katika andiko la kisayansi lililochapishwa. Andiko moja tu lingemtosha.

Wazo la kitambaa lilikuwa la Dk. Gerson, mkuu wa maabara, na Mwanaidi hajawahi kulikana hilo. Magunzi ya mahindi yanatupwa kwa malori sokoni Kibaigwa. Ukiyasaga, ukayachemsha na magadi makali na kuyang'arisha, unabaki na selulosi, nyuzi nyeupe laini zinazoweza kutandazwa zikawa kitambaa cha kufunikia vidonda. Ndani ya ute wa yai kuna protini inayoua bakteria. Kazi ni kuifunga protini ile kwenye nyuzi, ishike na isiondoke, kwa sababu protini ya yai ikivuja ndani ya kidonda, wapo wagonjwa watakaovimba. Dawa fulani hufungua nyuzi na kuziwekea vishikio, protini inakuja inajishika. Tatizo ni kwamba si zote zinazojishika. Nyingine zinakaa juu tu, kama wageni wa harusi ambao hakuna upande unaowajua, na lazima ziondolewe kwa kuosha.

Kuosha ilikuwa kazi ya Mwanaidi. Wazo lilimchukua Dk. Gerson mchana mmoja; kuosha kulimchukua Mwanaidi miaka miwili. Mtambo wa kukeneka maji, unaoyageuza mvuke ili yabaki matupu bila chumvi, ulikuwa mbovu, na barua ya kuomba spea ilizunguka ofisini miezi minane, kwa hiyo aliosha kwa maji ya kisima kilicho nyuma ya karakana ya jirani. Ni yale maji ya Dodoma yenye chumvi, yanayoacha utando mweupe kwenye birika. Aliosha mara saba, akaloweka mpaka kesho yake, akaosha tena. Kisha alikipima kitambaa kwa kukiweka kwenye maji yaliyoungwa chumvi kama majimaji ya kidonda, na kudondoshea dawa ya kupimia, ambayo ina rangi ya chai ya rangi na hugeuka buluu ikikutana na protini iliyovuja. Ilibaki chai, siku baada ya siku.

Mtambo ulipotengenezwa, akaosha kwa maji safi. Dawa ikageuka buluu. Akarudi kisimani, ikabaki chai. Mwanaidi hakuhitaji shahada kuelewa: zile protini zilizokaa juu tu zilihitaji chumvi kuzibandua, maji matupu yalizipita bila kuzigusa. Akamfuata Dk. Gerson ofisini kumweleza. Daktari alikuwa kwenye simu. Alimsikiliza kwa sikio lililobaki, akamwambia vizuri, aendelee kuosha.

Andiko lilipotoka lilikuwa na majina matano. Mojawapo lilikuwa la kijana aliyekuwa masomoni ng'ambo muda wote kazi ilipokuwa ikifanyika. Mwishoni, kwa herufi ndogo, walishukuriwa wahudumu wa maabara kwa usafi wa vyombo. Na pale kwenye kuosha, Daktari aliona aibu kuwaandikia Wazungu wenye jarida habari za kisima cha Kizota. Aliandika maji yaliyokenekwa, mara tatu. Mwongozo rasmi ukanakiliwa kutoka kwenye andiko.

Mwanaidi akaandika barua yake, akajibiwa kwa tamko. Alilisoma akiwa amesimama, akalinakili kwenye daftari neno kwa neno, akarudi kuosha vyombo, kwa kuwa ndivyo alivyoshukuriwa.

Mwezi wa nane ikaja amri. Jopo la wataalamu lingefika kukipima kitambaa. Kikipita, kingepelekwa kujaribiwa hospitalini. Vitandazwe vipande thelathini. Mwanaidi aliomba kitu kimoja tu, kwamba mwongozo usainiwe upya kila ukurasa, ili asije akakosea. Dk. Gerson alifurahi kuona amekuwa mnyenyekevu. Alisaini kurasa kumi na tisa.

Mtunza stoo, Nurdini, ambaye naye ni wa Kondoa na kwa hiyo haombi ruhusa ya kumtania, alishangaa kuambiwa atoe madumu sita ya maji yaliyokenekwa.

"Maji ya betri? Dada Mwanaidi, kisima kimekukosea nini?"

"Kisima hakimo kwenye mwongozo."

"Na kitambaa kitashika?"

"Hiyo kaiulize karatasi, Nurdini. Inajitosheleza."

Nurdini alimtazama kidogo. Halafu akacheka, akayabeba mwenyewe madumu mawili mpaka maabara, akasema angetoa hata kumi.

Mwanaidi aliosha mara tatu kama ilivyoandikwa, dakika kumi kila mara, akiitazama saa ya ukutani. Hakuongeza wala kupunguza. Wenzake wanasema hawajawahi kumwona akifanya kazi kwa utulivu vile.

Siku ya jopo kulikuwa na viti vyenye vitambaa, maji ya chupa na hotuba. Mwenyekiti, mama mmoja mfamasia aitwaye Ruthu, hakuwa mtu wa hotuba. Alichagua vipande vitano mwenyewe, akavitumbukiza kwenye maji ya chumvi, wakaenda kula. Waliporudi akadondosha dawa. Kibakuli cha kwanza kikawa buluu, kikafuata cha pili. Cha tano kilikuwa buluu iliyokolea kama sare ya shule. Mama Ruthu akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma bei, kwamba kitambaa kinavuja na hakiwezi kuwekwa kwenye kidonda cha mtu. Akaomba gari.

Dk. Gerson alimkuta Mwanaidi kwenye korido akivua koti lake jeupe.

"Mwanaidi, umefanya nini?"

"Nilichoandikiwa, Daktari. Sahihi yako iko kila ukurasa."

"Zamani kilikuwa hakivuji."

"Hakikuvuja."

"Basi kuna kitu ulikuwa unafanya."

"Nilikuja nikakwambia. Ulikuwa kwenye simu."

Daktari alikuwa akimtafuta kichwani mwake mwanamke aliyewahi kusimama mlangoni akisema jambo, na ilionekana wazi kwamba hampati. Akasema wangezungumza vizuri. Kulikuwa na andiko la pili linakuja, na jina lake lingekaa la tatu, hata la pili.

"Nilikuwa naomba kwenye lile la kwanza," Mwanaidi akasema.

"Lile limeshachapishwa, mama. Haiwezekani."

"Basi tusihangaike. Hakuna kazi inayomtegemea mtu mmoja."

Wapo wanaoandika kwamba kisasi hakimshibishi mtu. Hawakumwona Mwanaidi mchana ule. Alikula wali na nyama kwenye kibanda cha mbele ya geti, akaongeza maharage, akaagiza na chai, akainywa taratibu huku akiitazama rangi yake. Aliwafikiria wagonjwa, nao aliwafikiria kweli. Mama yake aliwahi kuungua mguu. Akaona kwamba Daktari anaweza kuwaokoa saa yoyote kwa kuja kumwuliza mbele ya watu. Daktari hakuja.

Mkataba ulipokwisha mwezi wa kumi na mbili hakuomba mwingine. Sasa yuko maabara ya zahanati moja Kondoa, anapima malaria na sukari, na jina lake hugongwa muhuri kwenye kila karatasi ya majibu.

Taasisi imeyajaribu maji ya aina nne, yote ya dukani. Mwongozo umefika toleo la tano, kurasa sitini na mbili, na jopo halijaitwa tena.