Kilichokuwa Chini ya Mazulia ya Marashi

Kila jioni mkewe humpokea mlango wa nyuma, kama anayepokea mzigo uliovuja njiani.

"Simama hapo hapo, Baba Watoto. Usiguse kitasa."

Ovaroli huingia kwenye ndoo yenye kifuniko, gambuti hubaki nje zikiwa zimeelekezwa kwa jirani wasiyeelewana naye, na mwenyewe hukoga kwa sabuni ya kufulia, si ya kuogea, kabla ya kuruhusiwa kuwa mume. Miaka kumi na tisa sasa. Siku zote aliamini mkewe anatia chumvi. Pua yake ilijiuzulu mwaka wa tatu wa kazi, kimya kimya, bila hata barua, naye akadhani kilichoondoka ni harufu.

Zizini wanamwita Marashi. Ni saisi, mtunza farasi wa vizimba kumi na viwili. Jina hilo wenzake walimpa kwa kebehi, yeye akalipokea kwa shukrani.

Fahari yake ilikuwa mazulia. Kila kizimba kimetandikwa vipande vya mpira mweusi, vinene kama vidole viwili, kila kimoja kizito kama mlevi asiyetaka kurudi kwake. Asubuhi alizoa mavi, akaondoa maranda ya mbao ya kulalia farasi yaliyolowa, kisha akafungulia bomba na kuyapiga mazulia maji mpaka yang'ae kama viatu vya bwana harusi. Tajiri mwenye zizi aliwaleta wageni makusudi waje waone. Wakaona, wakasifu, wakaondoka haraka kidogo kuliko walivyokuja. Hakuna aliyeuliza maji yale yakishapenya kwenye maungio yanakwenda wapi. Yalikwenda chini, na hayakwenda peke yake.

Kizimba cha saba alikaa farasi jike mwekundu aliyeitwa Shangazi, kwa tabia yake ya kumkagua kila anayeingia kuanzia viatu kwenda juu. Marashi alimlea tangu akiwa mtoto wa miguu minne isiyoelewana. Mwaka huu Shangazi akaanza kukohoa, kikohozi kikavu cha mtu anayetafuta nafasi ya kusema jambo kikaoni. Macho nayo yakawa yanalia bila msiba.

"Kazeeka huyu," tajiri akasema. "Asipopona, namtoa."

Kutolewa, pale zizini, maana yake lori linakuja tupu, linaondoka na farasi, na hakuna anayeuliza linakokwenda. Marashi akapoteza hamu ya chakula, jambo ambalo mkewe alilichukulia kama tusi kwa mapishi yake.

Akaitwa daktari wa mifugo, binti mwembamba mwenye haraka. Akasikiliza mbavu za Shangazi upande huu na upande ule. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya kwenye zizi lile la kusifiwa: akapiga magoti juu ya zulia, akainama mpaka uso ukabaki shubiri moja kutoka sakafuni, akavuta pumzi. Aliinuka machozi yakimtiririka.

"Mzee, umewahi kulala hapa?"

"Mimi nalala kwangu, daktari."

"Yeye analala hapa. Hebu nusa."

Marashi akapiga magoti, akanusa kwa heshima zote. "Mbona hapanuki kitu?"

Daktari akamtazama kama unavyomtazama kiziwi anayesifia bendi. "Ni mvuke wa mkojo uliooza, unamchoma mapafu. Bosi, nipe siku kumi. Akae nje, kizimba kisafishwe, kisha arudi tuone."

"Siku kumi," tajiri akasema, leso iko puani. "Ya kumi na moja, lori."

Wakaingiza vyuma kwenye maungio, Marashi, msukuma toroli na mwenzao mmoja, wakanyanyua. Zulia liligoma, kisha likabanduka kwa mlio wa busu refu lisilotakiwa na yeyote. Chini yake palikuwa na uji. Mweusi, mzito, wenye utando juu kama maziwa yaliyosahauliwa, na ndani yake funza weupe waliokuwa wakiishi kwa amani, vizazi kwa vizazi, bila kulipa kodi. Tumbo la zulia lilikuwa na mifereji midogo, na kila mfereji umejaa. Msukuma toroli akatoka nje, akaegemea ukuta, akarudisha chai yote ya asubuhi. Wa pili akamfuata kumpa pole na hakurudi.

Marashi alibaki amesimama katikati. Hakusikia harufu yoyote, lakini macho alikuwa nayo, na hesabu ya maji yake ya kila asubuhi aliweza kuipiga. Aliyekuwa akimwagilia bustani ile ni yeye.

Siku mbili alikwangua kwa sepetu. Mazulia akayaegemeza ukutani juani, akasugua matumbo yake kwa brashi na sabuni ya unga, akayapitishia siki, akayasuuza, akayageuza. Sakafu akaiosha, akaiacha ikauke, akainyunyizia chokaa. Ilikuwa kazi safi, ila sasa alikwama: atajuaje kama imekwisha? Aliwauliza wenzake.

"Pananukia waridi, Marashi," wakasema, wakiangalia saa ya kutoka.

Jioni ile, akiwa bado kifua wazi mlango wa nyuma, akasema, "Mama Watoto, nina shida na pua yako."

"Pua yangu imekufanya nini?"

"Nataka uje nayo kazini."

"Mimi? Kwenye choo hicho?" Akaweka ndoo chini. "Miaka kumi na tisa nanuswa sokoni kwa ajili yako, leo unataka nikanuse chanzo?"

"Watamtoa Shangazi."

Mkewe akaiinua tena ndoo. Jina hilo alilisikia mezani mara nyingi kuliko la mama mkwe wake.

Akaja kesho yake, mtandio umezungushwa usoni mara tatu. Akaufungua, akapiga magoti, uso ukakunjamana kama karatasi motoni.

"Hapa," akasema. "Na pale kona. Toba! Na huyu mgonjwa mlikuwa mnamlaza humu?"

Hapo palikuwa na kishimo kwenye saruji, kimenyonya mkojo wa miaka. Wakakibomoa, wakakiziba. Siku ya sita akarudi, akafuata ukuta kama anayetafuta sindano, akagonga ubao wa chini. "Huu umekunywa." Wakaung'oa. Siku ya saba akakaa magotini muda mrefu, kisha akasema kwa masikitiko ya mtu aliyekosa la kulalamikia, "Sisikii kitu."

Mazulia yakatandikwa tena, Shangazi akarudishwa ndani. Bomba halikufunguliwa tena. Marashi aliondoa maranda yaliyolowa mara tatu kwa siku, akapafuta kwa kitambaa penye unyevu.

Siku ya kumi daktari, tajiri, Marashi na mkewe walimkuta Shangazi amelala chini, kidevu juu ya zulia. Akapiga chafya. Wote wakaganda. Ikawa ni maranda tu yameingia puani. Daktari akasikiliza upande huu, upande ule.

"Mapafu safi. Hana uzee wowote huyu."

Tajiri akatazama sakafu, hajaridhika. "Lakini mbona mazulia hayang'ai kama zamani?"

"Yakianza kung'aa, bosi," Marashi akasema, "uite daktari."

"Nitakuja kila Jumamosi kunusa," mkewe akasema ndani ya mtandio. "Na msidhani napenda. Vimebaki vizimba kumi na kimoja, na vyote navisikia kutoka hapa."

Jioni akamtangulia nyumbani, na Marashi alipofika alimkuta mlango wa nyuma.

"Simama hapo hapo, Baba Watoto."

Akasimama. Akainusa mikono yake, mbele na nyuma, hakusikia kitu. Kwa mara ya kwanza ndani ya miaka kumi na tisa hakubisha. Akanyoosha mkono kuomba sabuni ya kufulia.