Mamba Tuliowangojea Mchana Kutwa

Mwenzangu wa bohari kule Mesquite aliniambia kwamba mamba wa Texas wamewazoea watu mno, hata ukizima injini tu wanakuja wenyewe kulikagua gari lako. Nikaamini, mimi mhitimu wa shule ya usiku, cheti kiko ukutani.

Mama mkwe alikuwa arudi Nakuru kesho yake, na Texas nzima alikuwa ameona kanisa na supamaketi. Nikaapa kwamba hapandi ndege kabla ya kuona mamba. Mke wangu alikuwa zamu hospitalini, kwa hiyo nilikodi peke yangu gari la kupigia kambi, refu kama kijiji, lenye kitanda, jiko na choo. Nikaliendesha hadi mbuga ya vinamasi karibu na Houston, nikaegesha, nikazima injini.

"Mama, hapa hakuna kushuka," nikamwonya. Kwetu ukishuka garini mbugani umejitoa sadaka.

Tukangoja tangu saa nne asubuhi. Tulimaliza birika tatu za chai. Wazungu walipita kwa miguu na watoto wao, nikawahurumia.

"Baba Wanjiru, hao hawaogopi?"

"Mama, hao hawajasoma."

Saa kumi mlinzi wa mbuga akagonga dirisha. Nikalifungua upana wa kidole, nikamnong'oneza, "Mamba wa leo mbona wamechelewa?"

Akanitazama, kisha akamtazama mama mkwe na darubini yake.

"Bwana," akasema taratibu, "hapa ni maegesho. Ziwa liko nyuma ya ile miti, na watu huenda kwa miguu."