Mama Kona akataa meli aliyoizoea

Usijifanye hukumwona. Binti wa miaka ishirini na minne hushuka ngazi za ghorofa ya pili kila asubuhi kwa kukalia kipandio kimoja baada ya kingine, gongo limelazwa mapajani, na wewe unampisha huku umekodolea simu macho. Ulipouliza, uliambiwa aliumia kazini, kwenye meli ya watalii. Ukasema, "Pole." Ukaongeza, "Lakini kule si wanalipwa vizuri?" Kisha ukaenda zako.

Meli yenyewe unaijua. Picha yake imebandikwa kwenye saluni unayonyolewa, nyeupe kama jino, na kila mzazi mtaani anataka mwanawe aipande. Mama mdogo wa binti huyo ameikataa wiki hii, tena akiwa ameitiwa cheo.

Saa tatu asubuhi, chumba cha nyuma cha ofisi ya wakala wa ajira za meli. Kuna kitanda kimoja cha chuma, godoro jembamba, saa ya ukutani na wasichana sita walioegemea ukuta wakisubiri zamu ya kufanyiwa majaribio. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu anarusha shuka hewani mara moja tu. Linatua katikati. Anakizunguka kitanda bila kurudia hatua, anakunja kona nne, anavisha mito foronya, anapitisha kiganja juu. Dakika tatu na ushei.

"Mama, umetandika au umepiga pasi?" anauliza msichana mmoja, na wenzake wanaangua kicheko.

"Cheka tu, mwanangu. Melini vitanda ni thelathini na sita, na hakuna wa kukupigia makofi."

Wenzake walimpachika jina la Mama Kona, kwa kuwa havumilii kona ya shuka inayoning'inia hata akiwa nyumbani kwa watu. Mdogo wake wa kiume anasema siku moja alikwenda kumjulia hali mgonjwa hospitalini, akamtandikia kitanda upya mgonjwa akiwa bado amekilalia.

Ametandika vitanda baharini kwa miaka kumi na miwili. Saba kwenye kampuni ya kwanza, mitano kwenye ya pili, zote zile kubwa zinazotajwa kila mahali. Wiki tatu zilizopita kampuni ya pili ilimpigia simu: arudi awe msimamizi mkuu wa vyumba, na apewe chumba cha peke yake chenye dirisha.

"Dirisha!" anasema. "Miaka kumi na miwili baharini, sijawahi kulala mahali ninapoiona bahari."

Badala yake yuko hapa, akifanyiwa majaribio ya kutandika kitanda kama mtoto wa jana. Kampuni hii ya tatu ina meli tatu ndogo, na hakuna anayeijua. Wakimchukua ataanza chini kabisa, atalala chumba kimoja na watu watatu, na mshahara utapungua theluthi.

Mumewe, fundi wa majokofu, alimwambia waziwazi: "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Mimi halikunimaliza," akamjibu. "Limemla mtoto wa dada."

Ili uelewe jibu hilo, ni lazima ujue karatasi moja ambayo hakuna wakala anayekuonyesha. Inaitwa karatasi ya mapumziko. Kanuni za bahari zinataka baharia apate saa kumi za mapumziko katika kila saa ishirini na nne, na kila mfanyakazi hujaza saa zake mwenyewe kwenye kompyuta ya idara.

Sasa ije siku ya kupokezana abiria. Watu elfu tatu wanashuka asubuhi, elfu tatu wengine wanapanda mchana, na katikati hapo kila shuka, kila taulo na kila kioo kiwe kipya. Siku hiyo mhudumu wa vyumba anaanza saa kumi na moja alfajiri na kumaliza saa tano usiku. Akiandika ukweli, kisanduku kinageuka chekundu, na simu kutoka ofisi ya juu inalia.

"Hawakwambii udanganye," anaeleza Mama Kona. "Wanakwambia, rekebisha. Neno la kistaarabu kabisa. Rekebisha. Basi unarekebisha, kisanduku kinakuwa kijani, unakwenda zako."

Alirekebisha kwa miaka kumi na miwili. Alipofanywa kiongozi wa kundi, akawa ndiye anayefundisha wageni kurekebisha. Ndivyo kazi inavyorithishwa kule: kwanza kona za shuka, kisha karatasi.

Mwaka mmoja na ushei uliopita alimwombea kazi binti wa dada yake. Wiki ya kwanza tu akamketisha mbele ya kompyuta.

"Hapa unaandika kumi. Kila siku kumi."

"Lakini mama mdogo, jana nimelala saa tano tu."

"Huandiki ulivyolala. Unaandika kinachotakiwa."

Maneno hayo ameyarudia mwenyewe, bila kuulizwa, akiwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda alichotoka kukitandika. Ni mara pekee asubuhi hiyo alipoacha shuka likunjike.

Mwezi wa tano wa mkataba, siku ya tatu ya kupokezana abiria ndani ya wiki mbili, lifti ya wafanyakazi iliharibika. Binti alibeba mgongoni mfuko wa mashuka mabichi, akaanguka vipandio kumi na kimoja. Nyonga ikavunjika. Kampuni ililipia upasuaji wa kwanza na tiketi ya kumrudisha nyumbani, kisha ikaandika barua ya kurasa mbili. Mstari mmoja ndio wenye uzito: mfanyakazi alikuwa amepumzika kwa saa kumi kabla ya ajali, hivyo uchovu haukuhusika, bali hakuwa makini.

Saa kumi hizo aliziandika binti mwenyewe. Aliyezithibitisha, kama kiongozi wa kundi, ni mama yake mdogo.

Daktari anasema nyonga inahitaji kupasuliwa tena, na kila mwezi unaopita unapunguza uwezekano wa binti kutembea bila gongo. Imepita miezi minane. Kampuni haitaki kusikia.

"Dada aliniambia, nilikupa mtoto mzima," anasema Mama Kona. "Nimwambie nini? Kwamba karatasi inaonyesha alilala?"

Wapo watakaosema hatukujua. Tulijua. Miaka kumi na minane iliyopita, mawakala wa meli walipokuja mara ya kwanza, walikodi ukumbi wa shule, wakagawa soda na kofia. Kijana mmoja aliuliza saa za kulala ni ngapi. Aliyemzomea hakuwa wakala. Walikuwa wazazi waliokaa viti vya mbele, kofia zikiwa vichwani bado na bei, wakimwambia asiharibie watoto wao riziki. Wazazi hao wapo hai. Wengine wanapeleka wajukuu kwenye ofisi zilezile.

Turudi kwenye chumba cha nyuma. Majaribio yamekwisha, na afisa ajira wa kampuni ya tatu, mwanamke mwenye miwani na sauti ya chini, anauliza kama kuna mwenye swali. Msichana mmoja anauliza kama melini kuna mtandao. Mwingine anauliza kama kusuka nywele kunaruhusiwa. Mama Kona ananyoosha mkono.

"Naomba kuona karatasi za mapumziko za idara ya vyumba. Za mwezi uliopita. Majina mnaweza kuyaficha."

Wakala anacheka kicheko kikavu. "Mama, hapa tumekuja kuomba kazi. Hatukuja kukagua."

"Nimekuja kuchagua, baba. Nimeshakosea mara mbili."

Afisa anamtazama kidogo, anatoka. Anakaa nje dakika ishirini. Wakala anatumia muda huo kumweleza Mama Kona kwamba ulimi uliponza kichwa, na kwamba ana wasichana mia wasiouliza kitu. Mama Kona anatumia muda huo kukunja taulo za majaribio, ambazo hakuna aliyemwambia azikunje.

Afisa anarudi na kurasa sita, majina yamefutwa kwa kalamu ya wino mzito. Mama Kona anazisoma kidole kikifuata mstari kwa mstari. Wasichana wanachungulia begani. Kwenye kurasa hizo kuna nyekundu. Saa saba. Saa sita na nusu. Pembeni pameandikwa sababu: meli ilichelewa kufunga gati; wahudumu wawili walikuwa wagonjwa. Na siku iliyofuata, mtu yuleyule kapewa nusu siku ya kulala.

"Mama, mbona hii ina makosa?" ananong'ona yule msichana wa pasi. "Nimehesabu kumi na manne."

"Ndiyo nimeipenda. Idara nzima, mwezi mzima, bila nyekundu hata moja? Hiyo kaandika mwongo. Najua kwa sababu nilikuwa naiandika mimi."

Wakala anafumba macho. Afisa anavua miwani.

"Umesema uliziandika wewe?"

"Mimi. Na nikafundisha wengine. Mmoja ni mwanangu, leo anatembelea gongo. Mkinikataa kwa hilo, nikataeni sasa hivi, nisipoteze nauli ya kurudi."

Afisa anasukuma fomu mbele yake. "Andika hivyo hivyo, kwenye sehemu ya uzoefu wa kazi."

Ameandika, na amechukuliwa. Anaondoka baada ya siku kumi na tisa, mhudumu wa kawaida, kitanda cha juu, bila dirisha. "Kuanza upya si aibu," anasema. "Nikipata mgeni wa kufundisha kule, nitaanza na karatasi. Kona za shuka atajifunza baadaye."

Lakini jambo analolitaka kabla ya kupanda meli ni jingine. Jumatatu alikwenda ofisi ya masuala ya mabaharia, akaandika maelezo ya kurasa mbili: saa za binti zilikuwa za uongo, zilirekebishwa kwa amri, naye ndiye aliyezithibitisha. Cheo alichoitiwa kilikufa hapohapo. Ofisi imeyapokea maelezo, ila imemwambia ushahidi wa ndugu mmoja hautoshi kufungua upya madai ya matibabu. Wanahitaji wawili zaidi, waliofanya kazi kundi lile, meli ile.

Wapo kumi na mmoja katika mji huu. Amewafuata tisa mlango kwa mlango. Tisa wote wamemwambia watafikiria. Mmoja alimjibu akiwa amesimama kando ya begi lililofungwa tayari, mkataba mpya mkononi, wa kampuni ileile.

"Siwalaumu," anasema Mama Kona. "Mimi mwenyewe nilifikiria miezi minane."

Yeye hawalaumu. Gazeti hili linawalaumu. Mnajijua, ninyi kumi na mmoja. Mlikula meza moja na binti yule, mlimwona akisinzia amesimama kwenye foleni ya chakula, kisha mkaandika kumi kama alivyoandika yeye. Wawili wenu tu wanatosha. Na wewe msomaji ambaye mmoja wao ni mkeo, mwanao, mpangaji wako, weka gazeti hili chini umtafute alipo.

Faili linafungwa Ijumaa saa sita mchana. Ofisi ya mabaharia, ghorofa ya kwanza, chumba namba nne. Achukue kitambulisho na kitabu chake cha baharia. Aende leo.