Kutoka Nyamwaga hadi Morotonga Kuuliza Bei ya Masafa

Niliondoka Nyamwaga kwa sababu ya hofu. Mume wangu Mwita alipofariki aliacha mlingoti nyuma ya nyumba yetu, na juu yake redio inayorusha intaneti hadi zahanati, ng'ambo ya migomba. Intaneti hiyo hakuwauzia, aliwagawia bure. Mimi niliishia darasa la saba. Alinifundisha kuwasha, kuzima na kuusoma ukurasa wa redio kwenye simu, basi. Baada ya mazishi nikasikia sokoni kwamba wakaguzi wa masafa ya redio wanapita na magari yenye antena. Nikizima, muuguzi atampataje daktari wa mjini mama anapokwama katika uchungu? Nisipozima, huenda navunja sheria kwa jina la marehemu.

Asubuhi mama mkwe alinizuia mlangoni. "Mjane hatangatangi barabarani. Watu watasema nini?"

"Naenda kwa Wambura, mama. Ndiye aliyemfundisha Mwita kazi hii. Nimuulize nani mwingine?"

Akanifunga upya kitambaa kwenye kichwa changu kilichonyolewa. "Usilale huko," alisema.

Baada ya Nyamongo gari la abiria lilivuka Mto Mara, maji yakiwa mekundu kwa mvua ya milimani. Kila kilima kilikuwa na mnara wa simu. Zamani sikuwa naiona minara. Siku hiyo kila mmoja ulinifanya nijiulize mwenye nao alipewa ruhusa na nani, na sisi tulipewa na nani.

Morotonga nilifika jua likiwa kali. Wambura, fundi wa redio za kambi za watalii, alitoka uani mikono ina grisi; shida yangu nilikuwa nimemdokezea kwa simu.

"Shemeji, pole sana. Karibu. Nasikia Wakurya siku hizi hata hewa mnaigombania mpaka."

"Na nyie Waikoma mnaikodisha kwa wageni."

Nilicheka kwa utani huo wa makabila yetu, mara ya kwanza tangu mazishi, nikaona aibu.

Mkewe alituletea ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Sikuweza kula vizuri. Nikamwomba Wambura anieleze bei za masafa, anipimie kwa ng'ombe, maana lugha yao ya vipimo siijui.

"Yapo ya wazi, kama malisho ya kijiji," alisema. "Hulipii masafa yenyewe, ila mashine iwe inayoruhusiwa na nguvu isizidi kipimo. Ng'ombe wa jirani wakimaliza majani, huna pa kushtaki."

"Na ya kulipia?"

"Unapewa njia yako, mlingoti hadi mlingoti, unailipia kila mwaka kwa upana na umbali wake. Akiingia mtu, unamshtaki. Lakini kila mwaka zizi linapungua."

"Kampuni za simu je?"

"Wao wanachukua mpaka masafa ya chini, yanayopenya migomba na kwenda mbali. Hapo usihesabu ng'ombe, shemeji. Utamaliza wa ukoo mzima."

"Na dishi la setilaiti?"

"Masafa ni shughuli ya mwenye setilaiti. Wewe unanunua dishi na kulipa kila mwezi. Mwezi usipolipa, kimya."

Nikampa simu, aone picha ya ukurasa wa redio yetu. Aliitazama mpaka mkewe akaacha kuosha vyombo.

"Hapa si pa wazi," alisema. "Pametengwa. Nani anapatumia huko kwenu sijui, lakini si mimi wala wewe."

"Mwita alijua?"

"Alijua. Pa wazi palijaa, kila duka na mashine yake, picha za daktari zikawa zinakatika. Akahamia palipo kimya. Nilimkataza. Akaniambia mtoto hasubiri foleni."

Nilitamani aseme hakujua.

Wambura akanionyesha jinsi ya kurudi pa wazi na kuifanya njia iwe nyembamba, isigongane sana na za wengine. "Itakwenda taratibu," alisema, "na siku nyingine itakukasirisha."

Kurudi, gari lilisimama Kisaka kushusha magunia. Kando ya barabara palikuwa na nyasi ndefu, hakuna hata ng'ombe mmoja. Dereva aliniona nikishangaa. "Wazee wamepafunga mpaka kiangazi, mama. Mgeni anadhani hapana mwenyewe."

Mwita hakuwa mgeni. Baba yake alikuwa akikaa na wazee wanaofunga malisho. Nililia mpaka Nyamongo, uso nimeugeuzia dirishani.

Nyamwaga nilipitia zahanati kabla ya kufika nyumbani. Muuguzi Robhi alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwita asingepahama," alisema.

"Najua."

"Na mama akikwama?"

"Njoo tujaribu pamoja. Sitaki kukufanyia hili ukiwa hupo."

Nilibadilisha redio kwa simu, palepale zahanati, akiwa amesimama karibu yangu. Akampigia daktari. Picha iliganda, ikarudi, ikaganda. Robhi akaizima picha, akabakiza sauti, akauliza swali moja la dawa, akajibiwa.

"Haonekani, lakini anasikika," alisema. Hakunishukuru. Akarudi kazini.

Safari hiyo ilinifundisha kwamba masafa ya bure unayalipia kwa kuvumilia kelele za wenzako. Ilinifundisha pia kwamba mtu anaweza kufanya kosa kwa ajili ya wema, na likabaki kosa. Jioni nilimweleza mama mkwe yote kuhusu mwanawe. Kisha tukakaa, tukamlilia kana kwamba amefariki jana.