Maua Yaliyokuja Bila Udongo

Begi nilishalifunga. Madamu, Mwingereza niliyemfanyia kazi za ndani Doha, alikuwa ameniahidi likizo mwezi wa kumi na mbili, nikamwone mwanangu. Nilimwacha Tanga kwa mama yangu akiwa bado ananyonya.

Kabla sijaondoka likaja boksi. Ndani kulikuwa na miche iliyoviringishwa magazeti mabichi, mizizi mitupu, haina hata chembe ya udongo. Madamu akasema ni wolflawa, maua ya kwao.

Dereva wetu, Mkenya, ndiye aliyelibeba. Akachungulia, akacheka. "Dada, hii ni sukuma wiki imekufa. Si uipike tu?"

"Kapike wewe," nikamwambia. Sikuwa na hamu ya utani.

Maji ya bomba yalikuwa yanaunguza, maana tangi linakaa juu ya paa na jua linalipiga kutwa. Kila anayeishi kule anajua: unazima hita, maji yanapoa humo ndani, unayachota kwa bomba la moto. Nikaloweka mizizi kwa hayo. Jua liliposhuka nikapanda, mingine kwenye vyungu vya barazani, mingine ukingoni mwa bustani. Nilichimba mashimo marefu mizizi isijikunje, nikashindilia udongo kwa ngumi. Mchana niliifunika kwa maboksi, kama mama anavyofunika miche ya mchicha kwa makuti. Hakuna aliyenisemesha siku hizo isipokuwa kuniagiza.

Ikashika yote.

Madamu akapita na kikombe chake cha chai. "Yamekupenda! Sasa ukiondoka nani atayatunza? Utakwenda yakishachanua."

"Lini, madamu?"

"Mwezi wa pili, wa tatu hivi." Akatabasamu, kama aliyenipa zawadi.

Nilitamani kuing'oa yote. Nikaimwagilia.

Ijumaa nikanunua kadi ya simu, nikakaa kwenye ngazi ya jikoni, pembeni ya vyungu. Nilimsikia mama akisema, "Haya, msalimie mama yako."

"Mama si wewe?" mtoto akamwuliza.

Mama akacheka kwa aibu. "Mtoto huyo, mwanangu, usimsikilize. Unakuja lini?"

"Maua yakichanua."

"Maua gani tena?"

Kadi ikaisha. Nikabaki na simu sikioni, naitazama ile miche.

Yalichanua, rangi ya chungwa lililoiva, yananukia mpaka getini. Madamu akaita wageni. Nikapita kati yao na sinia la vikombe, hakuna aliyeniangalia usoni.

"Madamu, yamechanua."

"Eeh, mazuri, sivyo?"

"Sijauliza uzuri. Nauliza tiketi."

Wageni wote wakageuka kuniangalia. Tiketi nilipata wiki ileile. Nilipofika Tanga, mwanangu alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake, akasukumwa mbele, akaniamkia vizuri sana, kama alivyofundishwa kuamkia wageni.